Imani ya Ufipa na Mpango Ulioanzia Kijijini

Masimulizi ya Wafipa yanaianzisha nchi yao Milanzi. Ntatakwa, mtu wa kwanza, alishuka kutoka juu, akakaa chini ya mlima Itwelele, na uzao wake ukawa wenye nchi. Kisha wakaja wageni, wanawake watatu, siku ambayo mtawala hakuwapo nyumbani. Ukoo wao, ukoo wa Twa, ukatwaa ufalme, na baadaye ufalme huo ukagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Lakini mkuu wa Milanzi hakufukuzwa. Alibaki na eneo lake dogo na heshima yake ya kimila, bila jeshi, na wafalme wa Twa waliendelea kumtambua kuwa ndiye mkubwa katika mambo ya asili ya nchi. Leo Milanzi ni jina la kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga.

Ninaanzia huko kwa sababu historia ya Kanisa Ufipa husimuliwa mara nyingi kana kwamba kabla ya misheni ya Karema, kando ya ziwa Tanganyika, hapakuwa na kitu. Nchi ambayo wamisionari waliipanda kutoka ziwani ilikuwa tayari na namna yake ya kupanga mambo. Ilijua kumtofautisha anayetawala na anayeombea ardhi. Watu wake waliishi katika vijiji vya nyumba zilizokaribiana, na kati ya kijiji na kijiji ulikuwa mwendo mrefu wa nyasi tupu. Walifua chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, walilima ulezi na maharage, na Mskoti Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1880 aliwaona kuwa wakulima watulivu kuliko majirani zao wengi. Kijiji ndicho kilichompa Mfipa jirani, shahidi, msaidizi wa shamba na msuluhishi wa ugomvi. Kila mpango wa kichungaji ulioliheshimu jambo hilo ulizaa, na kila mpango uliolipuuza ulikwama. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha.

Mpango wa kwanza uliandikwa mbali sana. Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika la mwaka 1868, aliupeleka msafara wake wa kwanza kwenye maziwa makuu mwaka 1878. Januari 1879 watu wake walikuwa Ujiji. Mwaka huohuo Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo Karema kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa wamisionari. Lavigerie alikuwa na ndoto ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, utakaolindwa na askari Mkatoliki na kuanza na watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja kuwa mlinzi huyo, na kazi yake kubwa akaifanya ng'ambo ya ziwa, upande wa Mpala na Mrumbi.

Kuwakomboa watumwa kulikuwa rehema, na hakuna hoja ya kichungaji inayoweza kulipunguza tendo hilo. Ushahidi wake ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga ina jina lake. Lakini kama njia ya kuifikia Ufipa, kijiji cha Wakristo waliokombolewa, kilichokaa ndani ya boma la Karema, kilikuwa na kasoro ya msingi. Waliokombolewa walitoka pande nyingi, hawakuwa na wajomba wala mashangazi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, hawakuwa na mahali pa kuipeleka imani yao jioni baada ya kazi. Injili ilikaa ndani ya ukuta, ikatunzwa vizuri, ikabaki humo.

Na kifo kilikuwa karibu. Askofu Jean-Baptiste Charbonnier aliwekwa wakfu Kipalapala, karibu na Tabora, mwezi Agosti 1887, akafa Karema Machi 1888. Aliyemfuata, Léonce Bridoux, alifariki Oktoba 1890. Kanisa la ziwa Tanganyika liliwazika maaskofu wawili kabla halijaota mizizi.

Mabadiliko yalikuja na Adolphe Lechaptois, aliyeteuliwa mwaka 1891 na kuongoza mpaka kifo chake Karema mwaka 1917. Katika miaka yake imani ilipanda mlima, na neno hilo ni la kweli kabisa: ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Ufipa unafikia mita 1,800. Kuanzia miaka ya 1890 hadi mkesha wa Vita Kuu ya Kwanza zilifunguliwa misheni moja baada ya nyingine: Kala na Kirando kando ya maji, Zimba chini ya genge la Lyambalyamfipa upande wa Bonde la Rukwa, kisha Kate, Mwazye na Chala huko juu. Lechaptois mwenyewe aliwachunguza watu aliotumwa kwao, na kitabu chake juu ya mila na maisha ya kandokando ya ziwa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1913, bado husomwa na wanahistoria. Mchungaji anayejishughulisha kujua watu wanazikaje, wanaoaje na wanalimaje, ameshaanza kupanga hata kama hajaandika mpango.

Taratibu za Lavigerie nazo, zile zilizohusu maisha ya kila siku zaidi ya ndoto ya ufalme, zilisaidia sana. Wamisionari waishi watatu au zaidi mahali pamoja. Waseme lugha ya watu. Anayeomba ubatizo asubiri miaka minne, miwili ya kupokea mafundisho ya awali na miwili ya ukatekumeni. Miaka minne ni mingi. Mapadre watatu wa misheni moja wasingeweza kuwafundisha watu wote hao, kijiji baada ya kijiji, kwa muda huo wote. Hapo ndipo alipopatikana mtu ambaye hakuonekana katika ndoto ya Algiers: katekista.

Katekista wa Ufipa alikuwa mtu wa kijiji. Alikuwa na shamba, mke, watoto, na madeni ya ulezi kama wenzake. Alifundisha sala, alifundisha kusoma, aliwaandaa wagonjwa, aliwazika waliokufa padre akiwa mbali, na Jumapili aliwakusanya watu chini ya paa la nyasi. Alipokosea, kijiji kilijua siku hiyohiyo, na alipoishi vema, kijiji kilijua pia. Hakuna mahubiri yanayofanana na hayo. Kigango, kama tunavyokiita leo, kilikuwa ni kijiji cha Kifipa kikiwa kinasali, na ndiyo maana kilisimama upesi. Hakikuhitaji kuwahamisha watu.

Vita vilikipima. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, chakula kikachukuliwa, Waingereza wakaiteka Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg na Wajerumani, mwezi Juni 1916, na Ulaya iliyokuwa ikiteketea haikuwa na mapadre wengi wa kuwatuma. Mwaka uliofuata Lechaptois akafariki. Vijijini, hata hivyo, makatekista hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Hapo palikuwa kwao. Sala iliendelea kwa sababu hiyo nyepesi, na tangu wakati huo imani ya Ufipa haikutegemea tena kuja kwa msafara.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Joseph Birraux aliongoza kuanzia 1920 mpaka 1936, alipochaguliwa kuwa mkuu wa shirika lake zima. Jan van Sambeek akashika baada yake. Mwaka 1946 eneo likagawanywa, Kigoma upande wake na Karema upande wake chini ya James Holmes-Siedle. Mwaka 1953 Karema ikawa jimbo kamili. Shule zikaongezeka, masista wazalendo wakaongezeka, mapadre Wafipa wakapatikana. Mwaka 1958 akateuliwa Askofu Karolo Msakila, mwana wa nchi hiyo, akiwa miongoni mwa maaskofu Waafrika wa mwanzo kabisa Tanganyika. Aliliongoza jimbo hadi 1994.

Msakila alirithi watu waliobatizwa kwa wingi mno. Kwa hesabu za vitabu vya ubatizo kazi ilikuwa imekamilika. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ufipa ilipata mtikisiko ambao kila anayepanga shughuli za parokia angepaswa kuujua. Vijana wa kundi la Kamchape walizunguka kijiji kwa kijiji wakidai kuwa wanaweza kuwafichua wachawi na kuwakinga watu. Waliwataka watu watoe pembe na hirizi zao, wakawanywesha dawa. Mtafiti Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka hiyo, aliyaandika hayo baada ya kuyaona. Waliojitokeza hawakuwa wapagani wa pembezoni. Walikuwa watu wa Ufipa iliyokuwa tayari Katoliki kwa sehemu kubwa, watu waliojua katekisimu kwa moyo.

Kwa nini waende? Kwa sababu mtoto akiugua usiku, au mbegu zisipoota katika shamba moja huku za jirani zikiota, jibu la katekisimu lililokaririwa halitoshi kuiondoa hofu. Hofu ya uchawi ni hofu ya jirani. Inazaliwa katika wivu wa ndugu, katika urithi uliogawanywa vibaya, katika msiba ambao hakuna aliyekuja kukaa na wafiwa. Kamchape walilijua jambo hilo na waliliendea pale lilipo, uwanjani mwa kijiji, mbele ya watu wote. Naamini hilo lilikuwa onyo kubwa zaidi kwa Kanisa la Ufipa katika karne nzima, na heshima ya kizazi cha Msakila ni kwamba jibu walilolishika baadaye lililenga palepale: kwa majirani.

Askofu huyo alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia 1962 hadi 1965. Kurudi kwake kulikutana na nchi iliyokuwa katika majadiliano. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, watu wakaanza kuzungumzia kujitegemea katika kila baraza. Mwaka 1968 Kanisa Tanzania liliadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo. Mwaka uliofuata, 1969, ulifanywa kuwa Mwaka wa Semina. Mafundisho ya Mtaguso yaliteremshwa kwa waamini wayajadili: maana ya mlei katika Kanisa, wajibu wa kulitegemeza, Misa kwa Kiswahili, ndoa, haki. Mapadre, watawa, makatekista na wakulima walikaa kwenye benchi moja. Mtu aliyekuwa amezoea kuitikia tu sasa aliulizwa anaonaje. Kwa mtazamo wangu hakuna tukio jingine lililoibadilisha parokia ya Tanzania kwa kiasi hicho. Oktoba ya mwaka huohuo Jimbo la Karema likapewa jina jipya, Jimbo la Sumbawanga. Jina la jimbo nalo likapanda mlima, likahamia walikokuwa watu.

Neno "mpango" likaingia rasmi katika lugha ya maaskofu miaka michache baadaye. Desemba 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walikutana Nairobi kuzungumzia kupanga maisha ya Kanisa kuelekea miaka ya 1980. Waliamua kwamba Kanisa la mahali lijengwe juu ya jumuiya ndogo za watu wanaofahamiana. Mwaka 1976, Nairobi tena, walilifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha ukanda mzima. Hawakuwa wa kwanza: maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai tangu 1961. Na nchini mwetu Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi ya wote, akaenda kuishi katika kijiji cha ujamaa Nyabihanga pamoja na wakulima.

Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziliufaa uwanda wa Ufipa kuliko sehemu nyingi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwasumbua sana watu waliokuwa wametawanyika nchini, lakini Wafipa wengi walikuwa wakikaa kijijini tangu enzi. Nyumba kumi za chama, kila kumi na balozi wake, zilikuwepo tayari. Wengine waliona hatari hapo, kwamba jumuiya ingegeuka kuwa kivuli cha balozi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kilichoitofautisha ni Neno. Majirani wanakutana katika nyumba ya mmoja wao, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu, wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja, wananyamaza, mmoja anasema neno lililomgusa, kisha wanauliza: nani anaumwa? Nani hajalimiwa? Nani hawasalimiani? Swali hilo la mwisho ndilo jibu la Kikristo kwa Kamchape. Linaifikia shuku kabla haijawa tuhuma, na halimnyooshei mtu kidole.

Mpango mzuri wa parokia ni kama ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake mvua zinapoelekea ukingoni, wakapanda maharage juu, na msimu unaofuata wakayatawanya kwa ajili ya ulezi. Rutuba inatoka katika nyasi za hapohapo. Hainunuliwi mjini.

Sasa niseme yanayouma. Jumuiya nyingi, Ufipa na kwingineko, zimegeuka kuwa dawati la michango. Mwenyekiti anafungua kwa sala fupi, kisha linasomwa daftari: zaka, mavuno, ujenzi, harambee, gari la paroko. Asiyekuwa na fedha anaacha kuja, na asiyekuja anaambiwa mwanawe hatabatizwa mpaka alipe. Wanaume wanawaachia wake zao. WAWATA, chama cha wanawake kilichozaliwa mwaka 1972, kinabeba mzigo wa parokia nzima, huku vijana wakisema jumuiya ni ya akina mama. Kisha halmashauri ya walei inaitwa kuandaa mpango mkakati wa miaka mitano, na kurasa nyingi za mpango huo zinahusu majengo.

Kujitegemea ni jambo jema. Mkulima wa mahindi wa Sumbawanga ambaye amelitegemeza Kanisa lake kwa debe la mavuno yake anastahili heshima kubwa. Lakini Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, na waraka wa Papa Yohane Paulo II uliotolewa Yaoundé mwezi Septemba 1995, viliitaja sura ya Kanisa kwa Waafrika kuwa ni Familia ya Mungu. Katika familia mtoto hapimwi kwa risiti. Mpango usiouliza wangapi wamepatanishwa, wangapi wametembelewa, ndoa ngapi zimesaidiwa zisivunjike, makatekista wangapi wamepewa mafunzo mapya, ni bajeti tu, na haufai kuitwa wa kichungaji.

Nchi nayo imebadilika. Mwaka 2000 sehemu ya kaskazini ilimegwa na kuwa Jimbo la Mpanda, na Karema yenyewe, chimbuko la yote, leo iko huko. Baada ya Msakila alikuja Askofu Damian Kyaruzi mwaka 1997, na mwaka 2018 akaja Askofu Beatus Urassa. Desemba ya mwaka huohuo Mbeya ikawa jimbo kuu, na Sumbawanga ikawekwa katika kanda hiyo mpya. Lami ya kutoka Tunduma imeusogeza mji karibu na vijiji vya uwanda. Vijana wanahama na mahindi, wanafuata ardhi mpya na kazi. Katika kata za manispaa kama Milanzi mtu anaweza kuishi ukuta kwa ukuta na mwenzake asimjue kwa jina. Madhehebu mapya yanawaombea wagonjwa kwa sauti kubwa mlango wa pili. Ile hofu ya miaka ya 1960 haijaondoka. Imebadili mahali pa kukutania.

Sinodi iliyoitishwa na Papa Fransisko mwaka 2021 na kufungwa mwaka 2024 ilirudia kwa dunia nzima jambo ambalo wazee wa Mwaka wa Semina walilifanya mwaka 1969: kukaa, kusikilizana, kuuliza Roho anasema nini kabla ya kuamua. Kwa hiyo Ufipa haina haja ya kuazima namna ya kupanga. Inayo katika kumbukumbu yake.

Ndugu wa halmashauri za parokia, mnapokaa kuandaa mpango ujao, kaeni baada ya mavuno, Julai au Agosti, watu wakiwa na nafasi. Mpango unaotungwa Januari unatungwa na wasiolima. Waiteni kwanza makatekista wa vigango vya mbali, muwasikilize kabla ya mwekahazina. Ukurasa wa kwanza uwe wa posho na mafunzo yao, kwa sababu wengi wao wanaitumikia parokia kwa mfuko wao wenyewe. Ukurasa wa pili uwe wa jumuiya, na daftari la michango lipewe siku yake nje ya siku ya Neno. Majengo yatapata nafasi yake baada ya hapo.